Mama Anyonyeshe Wapi?

Siku ya Jumatano, tarehe 7 Agosti 2019, Mbunge Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, Bibi Zuleikha Hassan, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa mjini Nairobi akiwa amembeba mwanawe wa kike wa miezi mitano. Hakudumu humo. Kelele zilizuka, wakawapo waheshimiwa walioliita tendo lile aibu, na shughuli zikakatizwa. Bw. Christopher Omulele, aliyekuwa amekalia kiti cha Spika siku ile, akamwamuru atoke nje, kwa sababu kanuni za Bunge hazimruhusu mgeni kuingia mahali pa wabunge. Mgeni mwenyewe alikuwa wa umri wa kunyonya. Bibi Zuleikha alieleza kwamba alikuwa amejitahidi sana asije naye, ila siku hiyo alipatwa na dharura, wala katika jengo lile hapakuwa na mahali pa kumweka mtoto mama yake akifanya kazi aliyotumwa na watu wa Kwale. Wabunge wanawake kadhaa walitoka pamoja naye.

Jambo ambalo wengi hawakulitambua ni kwamba siku ile ilikuwa ya mwisho katika Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, inayoadhimishwa kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 7 Agosti, mwaka baada ya mwaka, tangu 1992. Katika zahanati zetu hapa Pwani mabango yalikuwa yangali ukutani, yakiwahimiza akina mama wanyonyeshe kila mtoto anapotaka.

Ni haki tuseme ukweli wote. Bibi Zuleikha hakutolewa kwa kosa la kunyonyesha. Alitolewa kwa sababu ya kuwapo kwa mtoto. Kanuni hiyo ya wageni haikutungwa na Wakenya. Tuliirithi kutoka Bunge la Westminster, pamoja na siwa na majoho, na wenzetu waliorithi mabunge ya namna hiyo wamepatwa na mkasa huo huo. Mnamo Februari 2003, katika Bunge la Jimbo la Victoria huko Australia, mbunge Kirstie Marshall alitolewa ukumbini akimnyonyesha mwanawe wa siku 11, kwa sababu mtoto yule alihesabiwa kuwa mgeni. Hata Uingereza kwenyewe, mnamo Novemba 2021, mbunge Stella Creasy aliandikiwa barua ya kukumbushwa kwamba hairuhusiwi kuingia katika mjadala na mtoto mchanga. Kwa hiyo yeyote anayedai kwamba kumtoa mama na mtoto ni kuhifadhi mila zetu za Kiafrika, na atuonyeshe kwanza mila hiyo ilizaliwa katika kijiji gani.

Miezi kumi na mitano kabla ya kisa hicho cha Bungeni, kilitokea kingine mumo humo Nairobi. Mama mmoja alikuwa ameketi katika hoteli ya chakula, mwanawe akalia kwa njaa, naye akamnyonyesha. Alieleza baadaye kwamba mhudumu alimtaka ajifunike, kisha akaambiwa akanyonyeshee chooni. Habari ikaenea, na siku ya Jumanne, tarehe 15 Mei 2018, wanawake kwa mamia wakaandamana katika barabara za jiji, wengi wakiwa na watoto wao. Nchi ikagawanyika. Walikuwako waliowaunga mkono, na walikuwako, wanawake na wanaume, waliosema kwamba mama mwenye adabu hujisitiri, na kwamba ulimwengu umeharibika.

Hatuwezi kuyapuuza maneno hayo ya pili. Sisi wa Pwani tunalijua neno haya na tunaliheshimu. Lakini tungependa kumwomba msomaji avuke nasi kwa feri ya Likoni asubuhi yoyote. Atakuta watu wamebanana bega kwa bega, wafanyakazi, wanafunzi, wachuuzi na mikokoteni yao. Hapo katikati yao atakuta mama amekaa juu ya mzigo wake, mtoto kifuani, ananyonya. Nani anayegeuka? Mzee aliye ubavuni mwake anatazama bahari. Apande matatu ya kwenda Ukunda au Malindi, aone kwamba mtoto akilia, abiria wenyewe ndio wanaomhimiza mama ampe mtoto ziwa, na makanga naye huunga mkono, maana kilio cha mtoto ni adhabu kwa gari zima. Aende Kongowea sokoni. Huko nyuma ya mafungu ya nyanya na magunia ya viazi wamo watoto walionyonyeshwa tangu alfajiri huku mama zao wakipima, wakipokea fedha na kurudisha chenji, wala mnunuzi hajapata kususa nyanya kwa sababu hiyo.

Basi aibu hii inaanzia wapi? Kwa maoni yetu, inaanzia pale penye kitambaa juu ya meza. Mtu yule yule aliyekaa kimya katika feri saa moja ya asubuhi, akiingia saa saba mchana mahali penye kiyoyozi na orodha ya vyakula iliyochapishwa, humwona mama anayenyonyesha kuwa amevunja heshima. Titi halikubadilika njiani, na mtu mwenyewe ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali, na yale tuliyofundishwa kudhani juu ya mahali hapo: kwamba ni pa watu waungwana, na kwamba uungwana ni kuficha kila kinachotukumbusha kuwa tuna miili. Ndiyo maana tunasema kwamba swali hili, ingawa huvishwa nguo ya haya, kwa kiasi kikubwa ni swali la tabaka. Mama maskini hunyonyesha mbele ya watu na hatumsemi kwa sababu hatumwoni.

Na hiyo haya ya kwetu tuitazame vizuri, tusiitumie bila ya kuijua. Mswahili ana leso, na leso imefanya kazi hii tangu bibi zetu. Upande mmoja hutupwa begani, mtoto huingia chini yake, na mazungumzo barazani huendelea. Hakuna aliyemwambia mama aende akajifungie. Mama huchagua mwenyewe kujifunika, na hufunika kadiri mtoto anavyokubali, maana mchana wa joto la Mombasa wako watoto wasiotaka kufunikwa, nao huivuta leso wakaitupa chini. Hilo nalo watu walilijua wakalistahimili. Katika lugha yetu, ndugu wa toka nitoke husemwa kuwa wamenyonya ziwa moja, na hakuna aliyeona neno ziwa kuwa la kunong'onwa. Waislamu wanajua kwamba Suratul Baqara, katika aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na kwamba sheria ya dini imeyapa maziwa uzito mkubwa hata walionyonyeshwa na mama mmoja hawaoani, ingawa hawakuzaliwa naye. Watu walioliheshimu ziwa namna hiyo hawakuwa na mpango wa kulipeleka chooni.

Kwa habari ya choo hatuna haja ya kurefusha. Hakuna mwenye hoteli ambaye angemwambia mteja mzima abebe sahani yake ya biriani akaimalizie huko.

Sasa tuingie katika sheria, maana huko ndiko wengi wanakodhani kwamba mambo yamekwisha kutengenezwa. Hakuna sheria ya Kenya inayosema kwamba kunyonyesha mbele ya watu ni kosa. Aidha, Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 71, inamtaka kila mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea penye maji ya kunawa, friji au chombo kingine cha kuhifadhi baridi, soketi za umeme kwa ajili ya mashine za kukamulia maziwa, meza ndogo na viti vya starehe. Sheria hiyo inasema wazi kwamba mahali hapo pasiwe chooni. Kifungu cha 72 kinampa mama anayenyonyesha muda wa kufanya hivyo mbali na saa yake ya chakula, muda ambao huhesabiwa kuwa ni wa kazi na hulipwa, ila usizidi jumla ya saa moja katika kazi ya saa nane, na katika saa hiyo imo pia nafasi ya kwenda na kurudi. Sheria hiyo ilipitishwa Juni 2017. Haukutimia mwaka, mama yule wa Nairobi akaelekezwa chooni. Mwenye hoteli angeweza kujitetea kwamba sheria imezungumzia wafanyakazi wake, haikuzungumzia wateja, na kwa herufi za sheria asingekuwa amesema uongo.

Jirani zetu wa Tanzania walishika njia nyingine. Sheria yao ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, katika saa za kazi, akamnyonyeshe mtoto. Haikutaja friji wala soketi. Kenya tumempa mama chumba, Tanzania wamempa wakati. Kama tungelazimishwa kuchagua, tungechagua wakati, maana chumba bila mtoto ni mahali pa kukamulia tu. Lakini hata wakati una mipaka yake. Mama afanyaye kazi Kariakoo na kukaa Mbagala, saa zake mbili zinaweza kuliwa zote na barabara kabla hajamwona mtoto. Mtu hujikuta anarudi pale pale, kwamba dawa iliyo rahisi kuliko zote ni mtoto kuwa karibu na mama, na mtoto akiwa karibu na mama atanyonya mahali alipo mama.

Tuifanye hesabu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi kufikia miaka miwili au zaidi. Kati ya mitatu na sita kuna pengo, na katika pengo hilo ndimo mama anamotakiwa kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Na huyo ni mama aliyeajiriwa kwa barua. Kuna yule wa Kongowea, kuna mshonaji, kuna muuza mbaazi na mahamri mlangoni pake, kuna yaya anayelea mtoto wa mwenzake hali wake amemwacha kwa nyanya yake huko Kaloleni. Kwao hakuna mwajiri wa kuwajengea chumba, na yaya aliye naye ni nadra amdai bibi wa nyumba friji ya kifungu cha 71. Sheria nzuri iliyoandikwa kwa ajili ya ofisi imewapita kwa mbali, kama treni inavyovipita vijiji visivyo na stesheni.

Pana hatari nyingine ambayo tunaitaja kwa uangalifu, tusije tukadhaniwa kuwa tunapinga vyumba hivyo. Vyumba ni vyema. Mama anayetaka utulivu au faragha apewe. Lakini chumba kikishakuwapo, hugeuka kwa urahisi kikawa mahali pa kuamriwa kwenda. Jana mama aliambiwa hapana pa kunyonyeshea hapa, kesho ataambiwa pako, huko nyuma, pita ule mlango. Katika maneno yote mawili maana ni moja, kwamba pale alipoketi hatakiwi. Haki ya kupata mahali pa kujitenga si sawa na haki ya kubaki ulipo, na ni hiyo ya pili ambayo haijaandikwa waziwazi.

Mtu atauliza, kuna dhara gani mama akivumilia, akampa mtoto chupa akiwa mjini na ziwa akirudi nyumbani? Dhara lake tunalijua, na historia yake ni chungu. Katika miaka ya 1970 makampuni makubwa ya maziwa ya kopo yalikuwa yakiyatangaza katika nchi maskini kwa picha za watoto wanene, na hata kwa wanawake waliovishwa nguo kama za wauguzi. Mnamo 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu kilichoyashutumu makampuni hayo kwa vifo vya watoto. Mama aliyenunua kopo moja aliyazimua maziwa kwa maji mengi ili yamfikishe mwisho wa mwezi, na maji yenyewe hayakuwa yamechemshwa. Mnamo 1977 kukaanzishwa Marekani mgomo wa kutonunua bidhaa za kampuni iliyokuwa kubwa kupita zote, na Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha kanuni za kuzuia matangazo ya namna hiyo. Kura 118 zilikubali, tatu hazikuegemea upande wowote, na moja ilikataa, nayo ilikuwa ya Marekani. Kenya ilichukua zaidi ya miaka 30 kuziingiza kanuni hizo katika sheria yake, nayo ni ile ya mwaka 2012 ya kudhibiti vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama.

Tangazo la kopo basi limepigwa marufuku. Lakini mhudumu anayemwambia mama ajifunike au aondoke anaifanya kazi ile ile ya tangazo, na hakuna anayemlipa. Mama aliyeaibishwa mara moja, siku ya pili hutoka nyumbani na chupa. Na maziwa ya mama yana tabia ambayo kila mkunga anaijua: yasiponyonywa hupungua. Chupa ya mjini huiua polepole ile haja ya ziwa la nyumbani, hata mama akasema maziwa yamekauka, na watu wakaamini kwamba yamekauka yenyewe.

Wala tusiseme kwamba hakuna lililofanywa. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu ulionyesha kwamba mwaka 2003 watoto wa chini ya miezi sita walionyonya maziwa ya mama peke yake walikuwa asilimia 13 tu. Mwaka 2014 walifika asilimia 61. Hayo ni mapinduzi, na sifa ni ya wauguzi na wahudumu wa afya vijijini waliozunguka nyumba kwa nyumba. Lakini utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 60. Miaka minane imepita tumesimama mahali pamoja. Sababu zaweza kuwa nyingi, na hatudai kwamba kunyonyesha hadharani ndiyo yote. Tunachosema ni kwamba zahanati imekwisha kumwambia mama lile iliyokuwa nalo la kumwambia. Yaliyobaki yako nje ya mlango wa zahanati: kazini, safarini, sokoni na mezani.

Mataifa mengine yameona kwamba jambo hili linaweza kumalizwa kwa maneno machache. Sheria ya Scotland ya mwaka 2005 inasema ni kosa la jinai kumzuia au kumkatiza kwa makusudi mtu anayemlisha maziwa mtoto wa chini ya miaka miwili mahali pa watu wote, iwapo mtu huyo angeruhusiwa kuwapo hapo vinginevyo, na mkosaji hutozwa faini. Haikubagua ziwa na chupa, na tunadhani ilifanya vyema, kwa sababu wako akina mama wasioweza kunyonyesha ambao nao husumbuliwa kwa maneno. Huko Australia, ambako mtoto wa siku 11 alihesabiwa kuwa mgeni mwaka 2003, Seneta Larissa Waters alimnyonyesha mwanawe ndani ya Bunge la nchi nzima mnamo Mei 2017, na kikao kikaendelea. Kilichohitajika kilikuwa kubadilisha kanuni tu, wala paa la jengo halikuanguka.

Sisi hapa tunayo Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 27 inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya jinsia au ujauzito, na haikusema kwamba anayekatazwa kubagua ni serikali peke yake. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya lishe. Wakili hodari angeweza kuzisimamisha ibara hizo mbili mbele ya jaji na kushinda. Lakini mama aliyeketi mezani na mtoto analia hana wakili mkobani. Anahitaji sentensi ambayo yeye anaijua, mhudumu anaijua, na mwenye hoteli anaijua.

Sentensi hiyo si lazima ingojewe kutoka Nairobi. Katika Jedwali la Nne la Katiba, masoko na leseni za biashara ni kazi ya kaunti, na usimamizi wa mahali panapouzwa chakula ni kazi ya kaunti pia. Kila mwenye hoteli kuanzia Vanga hadi Kiunga huja mbele ya kaunti yake kutafuta leseni, nayo leseni huwa na masharti: maji safi, vyoo, vyeti vya afya vya wapishi. Mabunge ya kaunti sita za Pwani yangeweza kuongeza sharti moja hapo, kwamba mama atakayemlisha mtoto wake katika jengo hili hataondolewa, hatahamishwa na hataulizwa. Soko nalo, linapopimwa upya na vibanda kugawanywa, ligawiwe na kona moja yenye kivuli, benchi na bomba la maji, kwa mama anayeitaka. Na Kwale, ambako mbunge wake ndiye aliyefukuzwa na mwanawe, ingekuwa ya kwanza.